Mwaka Niliojifunza Upofu

Desemba iliyopita, rafiki yangu Rehema, kwenye harusi ya binti yake, alitoboa siri ambayo nilidhani tulikubaliana zamani kuinyamazia. Tulikuwa wanawake peke yetu, tumeketi kwenye mikeka sebuleni kwake Kitui mjini, sinia za pilau katikati yetu, na wapwa zake walikuwa wananiuliza kwa adabu mimi na shangazi yao tulijuana vipi. Nadhani walishangaa kumwona mama wa kanisani, aliyefungwa mtandio na wenyeji kwa sababu mwenyewe hajui kuufunga, akila kwa starehe namna ile nyumbani kwao. Rehema akapangusa mkono, akaninyooshea kidole. "Huyu," akasema, "alikaa karibu mwaka mzima akijifunza kuwa kipofu." Wasichana wakacheka wakidhani ni mzaha. Nikacheka nao. Kisha nikasema naenda kunawa, nikasimama kwenye bomba nyuma ya nyumba, maji yakinitiririka vidoleni, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyepona jana. Miaka mingi imepita, nimezaa, nimezika, nimestaafu, na mwili wangu bado haujaisahau ile nafuu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Mradi mmoja wa maji ulikuwa umekodi nyumba ndogo pale mjini Wote, na vijana wake walizunguka vijijini wakiwauliza watu maswali: mnachota maji wapi, ni mbali kiasi gani, mko wangapi nyumbani, mna mbuzi wangapi, paa ni la mabati au la nyasi. Majibu yalirudi ofisini kwenye karatasi zenye vumbi jekundu, nyingine zikiwa na alama za chai. Kazi yetu, mimi na Rehema, ilikuwa kuyaingiza kwenye kompyuta. Kila karatasi iliingizwa mara mbili, mimi mara moja na yeye mara moja, bila kutazamana, kisha mashine ililinganisha. Pale tulipotofautiana, ilitoa orodha, na bosi wetu, Bwana Kilonzo, aliichukua ile karatasi halisi akaangalia nani alikosea. Kwa hiyo meza zetu ziliwekwa zikielekeana, migongo ya kompyuta ikigusana, nami nilichokiona cha Rehema kutwa nzima kilikuwa kipaji cha uso na mtandio. Tulizungumza hivyo hivyo, vidole vikiendelea kwenye tarakimu. Alijua kuigiza sauti ya kila mzee aliyejibu maswali yale. "Mbuzi wangu unawahesabia nini, unataka kuninunulia wengine?" Nami nilicheka nikikaribia kupoteza mstari, nikarudisha rula yangu chini ya mstari sahihi, nikaendelea.

Ni ile rula iliyoanza kunishinda. Karibu na wakati wa mvua fupi niligundua kwamba hata nikiiweka sawasawa, tarakimu zilizo juu yake hazitulii. Tatu ilijifunga ikawa nane. Moja na saba zilifanana kama mapacha. Kufikia saa nane mchana kichwa kiligonga kuanzia nyuma ya macho hadi kisogoni, na mwanga wa ile skrini ukawa kama umepakwa mafuta. Mtu mwingine angesema amechoka. Mimi sikusema hivyo, na kueleza kwa nini, lazima nimtaje mama mdogo wangu Kalekye. Wengine wa kwetu nitawaacha wapumzike. Kalekye alikuwa mdogo wa mama yangu, na alipofuka akiwa bado mwanamke wa nguvu zake. Kwake ilianza na namba za nyimbo kanisani. Aliinua kitabu, akakisogeza, akakirudisha, kisha akaanza kumwuliza jirani ni wimbo wa ngapi. Nilikuwa mtoto, nimeketi kando yake, na mara nyingi jirani huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo siku ile nilipoisogeza karatasi, nikairudisha, na bado sikujua kama mzee fulani wa upande wa Kibwezi ana watoto watatu au wanane, niliona mkono wa Kalekye mwishoni mwa mkono wangu. Nikajua. Au nilidhani najua, jambo ambalo ukiwa msichana wa umri ule halina tofauti.

Tulipanga chumba kimoja mimi na Rehema, nyuma ya soko, kwenye ploti yenye vyumba vilivyopangana na mlango wetu wa bluu mwishoni. Upande wake ulikuwa na mkeka wa kuswalia uliokunjwa juu ya sanduku, upande wangu kalenda ya kanisa na picha ya darasa letu la mwisho. Tulipika kwa zamu. Mimi nilichemsha muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe, yeye akalalamika kwamba Wakamba tunakula kama tunajiandaa kwa safari ya miguu. Zamu yake alikaanga viazi vya rojo ya ndimu na pilipili jinsi bibi yake alivyomfundisha, bibi aliyetoka pwani na biashara ya vitambaa akakaa Kitui mpaka akasahau kurudi. Ijumaa baada ya kazi Rehema alikwenda kwao, akarudi Jumapili. Na hapo, chumba kikiwa changu peke yangu, ndipo nilipofanyia masomo yangu.

Nilifunga mlango kwa komeo, nikachukua leso, nikaikunja mara kadhaa, nikajifunga macho. Mwanzoni nilikaa tu kitandani nikisikiliza. Kisha nilianza kutembea, mkono mmoja mbele, nikihesabu vitu kwa vidole: sanduku, ndoo, jiko, meza. Nilijifunza kumimina chai kwa kuweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Nilijifunza chumvi na sukari kwa kuzisugua. Nilijifunza kukunja nguo nikifuata mshono, kuwasha kiberiti nikiwa nimekiweka mbali na uso, kupembua ndengu na kutoa changarawe kwa kugusa. Nilipofaulu kupika uji bila kufungua leso, nilifurahi kweli, furaha ya mwanafunzi aliyepasi. Sasa nikimfikiria yule msichana namwonea huruma, lakini pia namshangaa. Alikuwa tayari kujifunza maisha mazima ya gizani, ila hakuwa tayari kukaa mara moja kwenye kiti cha daktari. Hofu ilikuwa imempa kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilimtuliza.

Kulikuwa pia na Muthama. Alikuwa fundi wa pampu katika mradi ule ule, kijana mrefu mwenye mikono ya grisi aliyeingia ofisini kwetu mara nyingi kuliko pampu zilivyoharibika. Alikuwa ameniuliza, kwa njia yake ya kuzungukazunguka, kama ningependa wazee wake waje kuwaona wazee wangu. Kabla ya macho, nilikuwa nikitafuta namna nzuri ya kusema ndiyo. Baada ya macho, nilimwambia hapana. "Nimekukosea?" akauliza. Nikasema hajakosa. "Kuna mwingine?" Nikasema hakuna. Alisimama pale kwenye ngazi za ofisi akizungusha spana mkononi. "Sasa Syombua, hapana isiyo na sababu mimi nitaipeleka wapi?" Sikutaka aoe mtu ambaye atalazimika kumwongoza hadi chooni. Niliingia ndani nikaketi mbele ya kompyuta, na siku hiyo sikuona hata tarakimu moja, ingawa siku hiyo kosa halikuwa la macho.

Orodha za tofauti ziliongezeka urefu wiki hadi wiki. Bwana Kilonzo alikuwa mtu wa pole, shemasi katika kanisa lake, asiyejua kugomba, na alipolazimika kumsema mtu alianza kwa kumkaribisha chai. Aliniita ofisini kwake, akanimiminia kutoka kwenye thamosi, akaweka zile karatasi mezani. "Huyu mzee umempa wake wanane," akasema. "Ako na watatu. Hata hao watatu nimesikia wanamsumbua." Sikucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Syombua, ulikuja hapa ukiwa bora kuliko huyu mwenzako. Nini imetokea? Ni huyu kijana wa pampu?" Nikasema si yeye. "Unakunywa?" Nikasema aiya, hapana! Akaomba radhi, kisha akafumba macho akaniombea palepale, ombi refu lililomtaja mama yangu na madereva wa mradi. Aliposema amina, alisema pia kitu ambacho najua kilimwuma. "Mwezi mwingine kama huu, itabidi nitafute mtu. Hii kazi si yangu, ni ya wenyewe." Nilirudi mezani. Kwa mara ya kwanza Rehema alisimama ili anitazame juu ya kompyuta.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimejifunga leso, nimeketi chini na kisu, nakata sukumawiki. Kukata sukuma lilikuwa somo gumu na nilikuwa nimeliahirisha. Niliviringisha majani, nikayashika kwa kucha zikiwa zimekunjwa ndani, nikasogeza kisu taratibu nikisikiliza sauti yake kwenye ubao. Kisha nikahisi kwamba mwanga umebadilika usoni, ubaridi kidogo, kama mtu amesimama mlangoni. Nikakumbuka nilikuwa nimetoka kuchota maji na sikufunga komeo. Sikuweza kufungua leso. Nilishika kisu tu.

"Syombua," sauti ya Rehema ikasema, chini kabisa, "unafanya nini?"

Alikuwa amekosa gari Ijumaa, akalala kwa rafiki yake, na asubuhi akaamua kurudi. Aliingia, akanitoa kisu mkononi kwanza, kisha akafungua leso kwa nyuma. Nilimwambia yote nikiwa nimeketi palepale na majani mapajani. Kalekye, namba za nyimbo, tatu na nane, Muthama. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo geni kwake.

"Nani amekuambia utapofuka?" akauliza nilipomaliza.

"Najua."

"Sijauliza unajua nini. Nani amekuambia?"

"Hakuna."

"Basi Jumatatu twende tukaulize."

"Siendi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, ambao sikuwa nimewahi kujiambia hata mimi. "Nikiambiwa, itakuwa kweli."

Alichukua kisu akamalizia kukata zile sukuma, kwa hasira, vipande vikubwa kama vya kulisha ng'ombe. Nilimwapisha asimwambie mtu. Aliitikia kwa kichwa, na katika maisha yake marefu ya ukweli nadhani huo ndio uongo mkubwa aliowahi kunifanyia, maana Jumatatu kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye kibodi alikuwa tayari ndani ya ofisi ya Bwana Kilonzo. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilisikia kila neno. Nilimsikia akisema, "Hanywi, mzee, na si mvivu. Haoni." Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Nikasikia Bwana Kilonzo akisema, "Haoni? Na mimi nimekuwa nikimwombea mambo mengine!"

Asubuhi ya pili yake pikapu ya mradi ilisimama mlangoni kwetu, na Bwana Kilonzo mwenyewe ndiye aliyekuwa usukani. Niliketi katikati yao, mikono mapajani, sisemi na yeyote. Rehema nilimchukia safari nzima. Alijua, akawa anatazama nje dirishani, ila mkono wake ulikuwa umeshika pindo la sketi yangu, kama vile ningeweza kuruka nje. Bwana Kilonzo aliendesha polepole akisimulia habari za ng'ombe wake, habari ambazo hakuna aliyeziomba, na sasa naelewa kwamba aliogopa kimya kuliko mimi.

Kliniki ya macho ilikuwa kwenye hospitali moja ya misheni, chumba kirefu chenye mabenchi, wazee wengi wenye ukungu mweupe kwenye mboni, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Niliwatazama wale washikaji, si wale wazee. Nilikuwa nikijiuliza wangu atakuwa nani. Kisha jina langu likaitwa na Rehema akasimama pia, bila kuitwa. Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alinionyesha ubao wa alama ukutani, nikakosea mistari ya chini yote. Aliniuliza kama kuna mtu wa kwetu mwenye shida ya macho. Rehema akajibu: "Mama yake mdogo. Alipofuka." Yule mama akaandika, akasema wazi, "Basi tutaangalia presha ya macho vizuri." Akanitia dawa iliyochoma, akanikalisha mbele ya mashine yenye mahali pa kuweka kidevu, taa ya bluu ikaja karibu mpaka nikadhani itaingia. Jicho moja. La pili. Akarudia la kwanza. Kule kurudia kulinimaliza. Nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyomwambia mama yangu.

Alisogeza mashine, akavuta kiti chake. "Presha yako iko sawa," akasema. "Macho yote mawili."

Nikamwomba aseme tena.

"Presha iko sawa. Nimetazama na mshipa wa nyuma ya jicho, ni mzima. Wewe huna ugonjwa wa mama yako mdogo. Kioo cha jicho lako hakiko duara vizuri, ndio maana herufi zinavutika. Na wewe unakodolea kompyuta mchana kutwa. Lazima kichwa kiume."

"Kwa hiyo nitafanya nini?"

"Utavaa miwani," akasema, kama mtu aliyeulizwa mvua ikinyesha watu hufanya nini.

Aliniwekea usoni fremu nzito ya chuma, akatumbukiza kioo, akakizungusha. Hii au hii? Hii au hii? Kisha ukuta wote ukaruka mbele. Ule ubao ulikuwa na mstari ambao sikujua kama upo. Nikageuka nimtazame Rehema, na hapo nikaona kovu dogo kwenye nyusi yake ya kushoto, na kwamba alikuwa amelia muda mrefu bila kutoa sauti. Nje, Bwana Kilonzo alikuwa anatembea huku na huku kando ya pikapu. Rehema akampigia kelele kutoka mlangoni, "Ni miwani, mzee! Ni miwani tu!" Bwana Kilonzo akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Wacha!" akasema. "Ati miwani?" Alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari, kisha akajifuta macho, akajaribu kurudisha uso wa bosi. "Kesho saa mbili uwe ofisini." Tulirudi Wote tukiimba, sisi watatu, nyimbo za kanisani ambazo Rehema hakuzijua akawa anazipigia makofi.

Miwani ilipofika ilikuwa mikubwa na ya rangi ya kahawia, inayofanya uso wangu uonekane kama wa karani wa mahakama. Sikujali. Niliona utando wa buibui juu ya kitanda changu, na masizi ambayo tulikuwa tumeishi nayo kama mapambo. Nilisugua chumba kile siku nzima. Ofisini tarakimu zilitulia kila moja mahali pake, na orodha ya tofauti ikafupika mpaka Bwana Kilonzo akagundua, kwa mshangao wake, kwamba makosa yaliyobaki karibu yote yalikuwa ya Rehema. "Sasa nawe tukupeleke hospitali?" akamwuliza. Rehema akasema yeye shida yake ni mdomo, na hiyo haina miwani.

Muthama nilimfuata uani, alikokuwa amefungua pampu na kuipanga vipande vipande kwenye gunia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kukaza nati, nikadhani hasikii. Nikamwambia jibu langu limebadilika. "Mimi niliacha kuuliza," akasema bila kuinua kichwa. Kisha akaweka spana chini. "Kama unataka, uliza wewe." Basi nikauliza mimi, mchana kweupe, mafundi wawili wakisikiliza nyuma ya tangi, na hadi anakufa mwaka juzi hakuacha kuwasimulia watu kwamba ni mimi niliyemposa.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja niliyeogopa kumpelekea habari ile. Nafuu yangu ilikuwa na aibu ndani yake. Ningeingiaje nyumbani kwa Kalekye, kule milimani Kilungu, na kumwambia mimi nimepona kitu ambacho yeye hakupona? Nilikwenda mwisho wa mwezi, nikiwa nimebeba sukari na majani chai. Nilimkuta ameketi kwenye baraza ya jiko, akipukuchua mahindi, kunde zake zimeanikwa kwenye gunia uani. Aliitambua hatua yangu kabla sijasalimu. Niliketi, nikazungumza habari za kazi, za bei za soko, za kila kitu. Mwishowe nikauchukua mkono wake nikauweka usoni pangu, juu ya miwani.

Vidole vyake vilisimama. Vikafuata fremu kutoka sikio moja hadi jingine, vikagusa kioo, vikarudi. "Ni nini hii?" akauliza kwa Kikamba. Nikamwambia. Nikamwambia na mashine ya taa ya bluu, na presha, na yule mama aliyesema sina. Kalekye aliinamisha kichwa, akaanza kulia, nami nikaanza kuomba radhi, sijui radhi ya nini.

"Nyamaza," akasema. "Tangu wewe ni mdogo, kila ukija hapa, mimi nasikiliza kama unajikwaa. Nilikuwa naogopa kukuuliza. Nilidhani labda ni mimi nimekupatia." Akanishika mashavu kwa mikono miwili yenye vumbi la mahindi. "Kwa hiyo si wewe."

"Si mimi, mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Si wewe," akarudia, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameizuia miaka. Kisha akajifuta uso kwa leso yake, akaegemea nguzo ya baraza kama mtu aliyetua mzigo. "Haya. Niambie unaona nini."

Nikatazama. Nikamwambia naona miti ya maparachichi ya jirani ng'ambo ya bonde, tena jani moja moja. Naona njia ya kwenda mtoni na mama mmoja mwenye kikapu chekundu. Naona ua wako unahitaji kufagiliwa. Naona kuku mweusi na vifaranga, yuko katikati ya gunia la kunde, anakula.

"Na wewe umekaa tu unamwangalia?" akapaza sauti, akacheka, akatafuta gunzi la kutupa. "Ondoka umfukuze!"